Dola ikipanda shifti yako inaenda wapi? Jinsi ya kupiga hesabu mwenyewe ukiwa mfanyakazi wa kiwandani huku Nyanda za Juu Kusini

Mwaka 2023 nilikuwa laini ya kufungasha kwenye kiwanda kimoja cha maji ya chupa na juisi hapa Mbeya, sitakitaja maana bado nina ndugu humo ndani. Asubuhi moja tumetoka shifti ya usiku, baridi ile ya mwezi wa saba inayokata masikio, tunakuta karatasi imebandikwa ubaoni, ovataimu imesitishwa hadi taarifa nyingine. Basi. Sababu hakuna, tarehe hakuna. Tukamvaa supavaiza, tukasema anabana ili baadae aingize ndugu zake wa kijijini, maneno mengi kweli kweli na mengine ya aibu kuandika hapa.

Kabla sijaondoka nikapita stoo kumsalimia mzee mmoja mtunza stoo. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, mbona umenuna hivo? Nikamwambia. Hakubishana na mimi, alivuta tu kadi iliyokuwa inaning'inia kwa kamba kwenye rafu ya prifomu (vile vichupa vidogo vya plastiki kama mirija ya maabara, mashine ndo inavipuliza vinakuwa chupa) akanionesha kwa kidole safu ya salio. Paleti 40. 31. 22. 14. 9. Alafu akanionesha safu ya zilizoingia, nyeupe tupu tangu mwezi wa tano. Akasema mzigo upo, mwenye mzigo anataka dola, benki wanasema panga foleni. "Sasa supavaiza wako akupe ovataimu ya kufungasha nini mwanangu, upepo?"

Hapo ndo nilianza kufuatilia hii kitu. Nimeandika hatua ninazofuata mimi, hazihitaji degree ya uchumi, zinahitaji daftari, simu na kuwa na adabu kwa mtu wa stoo.

Anza stoo, simu baadae

Watu wengi wakisikia dola imepanda wanauliza ni nzuri au mbaya. Swali hilo halina jibu mpaka ujue kiwanda chako kinanunua nini kutoka nje na kinauza wapi. Kwa hiyo wiki ya kwanza usiangalie reti (bei ya dola moja kwa shilingi) kabisa, zunguka na macho yako tu. Kitu gani kinaingia getini, kimeandikwa nini kwenye gunia au boksi, kimetoka nchi gani. Andika kwenye daftari.

Ila kuwa makini hapa maana wengi wanakosea. Mzigo kununuliwa Dar kwa shilingi haimaanishi dola haipo. Prifomu zetu zilikuwa zinatengenezwa Dar, dereva anakuja na risiti ya shilingi kabisa, lakini zile chembechembe za plastiki zinazoyeyushwa kutengeneza prifomu zinatoka nje kwa meli, kwa hiyo dola ilikuwa imejificha ndani ya shilingi. Tangu mwezi wa tatu 2025 kuna kanuni inakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu ndani kwa vitu na huduma za humu ndani, kwa hiyo hata yule aliyekuwa anaandika invoisi kwa dola saa hizi anaandika shilingi, lakini kichwani kwake anapiga kwa dola tu, usidanganyike na karatasi.

Nikupe mifano ya kwetu uone inavyotofautiana. Kiwanda cha chai Mufindi au Rungwe, majani yanachumwa hapo hapo mlimani, kuni za kukaushia za hapo hapo, chai inaenda kuuzwa nje kwa dola. Vya parachichi Njombe na Rungwe hivo hivo, tunda la mkulima wa hapa, mnunuzi wa ng'ambo. Mafinga kwenye mbao na plaiwudi, magogo yanatoka Sao Hill na mashamba ya watu binafsi, ila gundi na visu vya mashine na spea vinatoka nje, kwa hiyo ni nusu kwa nusu. Sementi pale Songwe mawe ya chokaa yapo chini ya miguu yao, makaa ya mawe yanapatikana huku huku kusini, lakini mashine ikifa kifaa ni cha kuagiza. Maziwa ya Iringa ng'ombe ni wetu, pakiti sio yetu. Sasa njoo kwenye unga wa ngano na mikate na biskuti, hapo ngano kubwa inayosagwa nchini inatoka nje, na mafuta ya kula ya mawese hivo hivo, wakati mwenzake anayekamua alizeti ananunua kwa mkulima wa ndani. Viwanda viwili vya mafuta ya kula, ukuta kwa ukuta, dola ikipanda mmoja analia mwenzake anachekelea.

Nani anakula bidhaa yenu

Hii ni rahisi, waulize madereva. Wao wanajua mzigo unashuka Mwanjelwa, Makambako, Tunduma au unavuka. Ukishajua unajiweka kwenye fungu lako. Kama mnanunua nje na kuuza ndani, dola ikipanda mna hali mbaya kuliko wote, huko ndo tulikuwa sisi. Kama malighafi ya ndani na mnauza nje, dola ikipanda boss anatabasamu (wewe bado, nitafika huko). Kama vyote ni vya ndani, mtaguswa kwa mafuta ya gari na spea tu na pengine mtafaidika kwa sababu bidhaa za kutoka nje zinazoshindana na zenu zinakuwa ghali. Na wale wanaonunua nje na kuuza nje, hao mapigo yanaweza kufutana, ila ukikaa nao utagundua hayafutani sawasawa kwa sababu mzigo wa kuingia unalipwa leo na wa kutoka unalipwa baada ya miezi.

Jinsi ya kusoma reti bila kupagawa

Benki Kuu inatoa reti kila siku ya kazi kwenye tovuti yake, kuna namba ya kununua, ya kuuza na ya wastani. Chukua ya wastani, usihangaike. Namba ikiwa kubwa ina maana shilingi yetu imepungua nguvu, nasema hivi kwa sababu nimeshaona watu wazima wanabishana kwenye kahawa mmoja anasema imepanda mwingine imeshuka, kumbe mmoja anaongelea dola mwingine shilingi.

Alafu usiangalie siku moja. Siku moja haikuambii kitu. Mimi naandika kila Ijumaa, namba moja, na nalinganisha na ya miezi mitatu nyuma.

Historia fupi ili namba zikukae kichwani. Kwa miaka kama mitano mpaka mwanzo wa 2023 dola ilikuwa inazunguka pale pale kwenye 2,300, watu wakazoea wakadhani ndo bei yake ya kuzaliwa. 2023 ikaanza kupaa na dola zenyewe zikawa adimu, mwisho wa mwaka ipo 2,500. 2024 ikaendelea, kufika mwezi wa tisa wa kumi ilikuwa 2,700 na ushee. Alafu ghafla Desemba ile ile imeshuka mpaka karibu 2,400. Mei 2025 imerudi karibu 2,700, na kabla mwaka haujaisha iko chini ya 2,500 tena.

Ukiangalia vizuri utaona kuna msimu humo ndani. Nusu ya kwanza ya mwaka dola zinakuwa chache, nusu ya pili watalii wanaingia, mazao yanauzwa, korosho na tumbaku na kahawa, dola zinaingia nyingi shilingi inapata pumzi. Sio kila mwaka inakuwa sawa sawa lakini kama boss anakuambia Machi kuwa hali ni ngumu, na Novemba bado anakuambia dola dola dola, hiyo ya Novemba ifungulie daftari.

Na kuna jambo moja reti haioneshi, nalo ni upatikanaji. 2023 namba ya Benki Kuu ilikuwa inasogea taratibu tu, ukiiangalia unasema mbona kawaida, lakini mtu mwenye shilingi zake mkononi alikuwa hapati dola benki kwa bei ile, anasubiri wiki na wiki. Kilichotuua sisi kilikuwa foleni zaidi ya bei. Namba ya kwenye tovuti ina maana kama dola ipo ya kununua kwa namba hiyo. Kwa hiyo kwenye daftari weka na hilo, mzigo umechelewa siku ngapi.

Piga hesabu ya kontena moja, kisha ya chupa moja

Tuseme kiwanda kinaagiza mzigo wa dola 40,000. Kwa 2,300 ni milioni 92. Kwa 2,700 ni milioni 108. Mzigo ule ule, hakuna hata gunia moja limeongezeka, boss anatafuta milioni 16 zaidi. Sasa geuza, kiwanda cha chai kinauza mzigo wa dola 40,000, reti ya 2,700 kinapata milioni 108, reti ikishuka mpaka 2,400 kinapata milioni 96, milioni 12 zimeyeyuka na majani yamechumwa vile vile, mishahara ni ile ile ya shilingi. Ndo maana Desemba 2024 wakati mitaani watu wanafurahi shilingi imepata nguvu, wenzetu wanaouza nje walikuwa wamekunja sura. Ukiwa kwenye kiwanda kinachouza nje usishangilie shilingi kupanda kabla hujapiga hesabu.

Lakini hesabu ya kontena ni ya boss. Ya kwako wewe ni ya chupa moja, na hapa naomba utulie kidogo maana ndo penyewe.

Tuseme prifomu moja ni senti 4 za dola. Kwa 2,300 hiyo ni shilingi 92. Kwa 2,700 ni shilingi 108. Tofauti shilingi 16 kwa chupa. Utasema kumi na sita tu si waongeze kwenye bei? Waongeze vipi, chupa ndogo ya maji dukani ni 500, nani atauza maji 516, muuza duka atakurudishia chenji ya nini, pipi? Bei za vitu vyetu vidogo zinaruka kwa mia mia. Kwa hiyo boss ana njia chache tu, aruke mpaka 600 na wateja wake wahamie kwa washindani, apunguze ujazo (ndo maana biskuti zinazidi kuwa nyembamba na hewa kwenye pakiti inaongezeka), ale hasara mwenyewe, au atafute shilingi 16 hiyo mahali pengine ndani ya kiwanda.

Mahali pengine ndo wewe. Kiwanda kikitoa chupa 200,000 kwa mwezi, shilingi 16 mara 200,000 ni milioni 3 na laki 2. Watu 40 wakiwa wanapata ovataimu ya 80,000 kila mmoja kwa mwezi, ni milioni 3 na laki 2. Namba nimezichagua mimi ili zikutane, lakini kaa na namba za kwenu ujaribu, utaona zinakaribiana kwa namna itakayokukera. Mshahara wa msingi kuupunguza ni kazi, kuna mkataba na kuna sheria. Ovataimu na deiwaka (vibarua wa kulipwa kwa siku) haina mlinzi, kwa hiyo ndo inakatwa kwanza kila mara. Akina mama wa deiwaka wanaobandika lebo walikuwa wanaonja dola kabla ya meneja.

Namba zako unazipata wapi? Bei ya malighafi ni ngumu kuijua, lakini kiasi kinachozalishwa kwa shifti kinaandikwa mbele yako. Na bei, mtu wa manunuzi ukimkuta kwenye chai ana kawaida ya kulalamika kwa sauti, wewe sikiliza tu.

Usitegemee dola ya leo ikuume leo

Reti ikiruka Jumatatu, kiwandani kunakuwa kimya. Kuna mzigo ulionunuliwa kwa bei ya zamani bado upo stoo. Kuna mzigo uko baharini umeshalipiwa. Maumivu yanakuja mzigo mpya unapoagizwa, kwetu ilikuwa kama miezi miwili mitatu. Kwa hiyo ukiona reti imeruka una muda, na huo muda ndo faida yote ya kufuatilia haya mambo.

Na inavyoshuka pia inachelewa, tena inachelewa zaidi. Dola ikipanda bei za vitu zinapanda na lifti, dola ikishuka zinashuka kwa ngazi, wengine wanakaa kabisa ghorofani. Boss atakuambia nina mzigo niliununua kwa 2,700, sawa, ni kweli, ila mzigo huo una mwisho, na kadi ya stoo inajua mwisho wake ni lini.

Mafuta ya gari nayo yana tarehe yake. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na humo ndani kuna bei ya mafuta ya dunia na kuna reti ya dola, vyote viwili. Kutoka Dar mpaka Mbeya ni kama kilometa 830 na katikati kuna Kitonga, lori likipanda mlima ule halinywi mafuta, linaoga. Kwa hiyo kiwanda cha huku kinalipa dola mara mbili, mara ya kwanza kwenye mzigo, mara ya pili kwenye kuufikisha, na kama soko lenu ni Dar basi ongeza ya tatu kushusha bidhaa. Wenzetu wa Dar hawana hii. Sijawahi kusikia mtu anaisema kwenye mikutano na mimi naona ni kubwa.

Dalili za kuangalia wakati unasubiri: spea za mashine zinaanza kuchongwa kwa fundi wa mtaani badala ya kuagizwa. Usafi wa mashine unakuwa mrefu ghafla (maana yake hakuna cha kuzalisha). Shifti ya Jumamosi inafutwa. Watu wa mkataba wa miezi mitatu hawaongezewi. Chupa zinakuwa laini ukizishika zinabonyea, wamepunguza gramu za plastiki. Hii ya mwisho mimi niliigundua kwa vidole tu kwenye laini, kabla hata ya mzee wa stoo.

Kwacha ya jirani

Kwa watu wa Tunduma, Kyela na viwanda vinavyouza kule, dola peke yake haitoshi, andika na kwacha. Ziko mbili, ya Zambia na ya Malawi, usizichanganye. Novemba 2023 Malawi walishusha thamani ya kwacha yao kwa mkupuo, dola moja ikatoka kama kwacha 1,180 ikawa 1,700 kwa siku moja. Hesabu yake ni nyepesi, bidhaa yako ya dola 10 Mmalawi alikuwa anainunua kwa kwacha 11,800, amelala ameamka inataka 17,000, na mshahara wake haujaamka nao. Hapo hata kama shilingi haijatikisika hata kidogo, lori lenu linakaa mpakani Kasumulu na mzigo haununuliwi, na huku nyuma shifti inapungua na hakuna mtu anakuelewa ukisema tatizo ni kwacha.

Kwa hiyo kama madereva wamekuambia mzigo unavuka, Ijumaa yako iwe na namba mbili au tatu. Wachenjaji wa mpakani wanazijua kuliko mtu yeyote, ila kuchenji hela zako kachenji dukani penye leseni au benki, wale wa kwenye viroba vya barabarani wamewaliza watu.

Kwenda kuongea na maboss

Hapa daftari ndo linakuwa na kazi. Usiende peke yako na usiende na hasira. Kama mna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani, mpe kiongozi wa tawi, kama upo kwenye shamba la chai au kiwanda cha shambani chama chenu kinaweza kuwa TPAWU, cha wafanyakazi wa mashambani. Chama kinachotambulika kazini kikiwa kwenye majadiliano kina haki chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kupewa taarifa zinazohusika na mazungumzo hayo, kwa hiyo swali la mnanunua malighafi kwa reti gani sio umbea, linaulizika.

Namna ya kuuliza inasaidia sana. Ukisema "mnatudanganya" mlango umefungwa. Sisi baadae mwaka 2024 mwishoni tulienda hivi: mwezi wa tisa mlituambia dola 2,700 ndo maana ovataimu haipo, tumeelewa, sasa hivi ni karibu 2,400, mzigo wa zamani unaisha lini ili tujue ovataimu inarudi lini? Meneja alikaa kimya kidogo, akamuangalia mhasibu. Hakutukubalia siku ile. Lakini alitupa tarehe, na tarehe ni kitu unaweza kuirudia.

Kama mpo kwenye mazungumzo ya mkataba wa hali bora (ule wa chama na mwajiri) na kiwanda kinauza nje, msikomalie mshahara peke yake. Ombeni kipengele kwamba reti ikikaa juu ya namba fulani kwa miezi kadhaa kuna bonasi, maana boss anayeuza kwa dola ni rahisi kutoa bonasi ya msimu kuliko kupandisha mshahara ambao hawezi kuushusha dola ikirudi chini. Naona hii ni haki kwa pande zote, wapo wenzangu wanapinga wanasema bonasi ni pipi ya kumnyamazisha mtoto. Ila nimefanya hesabu mara nyingi na bado nasimama hapo.

Ikifika kwenye kupunguza watu kabisa, dola sio ruhusa ya kukuambia usije kesho. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema ya nia yake, atoe taarifa zinazohusika, na ashauriane na chama au wafanyakazi kuhusu sababu, njia za kuepuka, na watu watachaguliwaje. Kiinua mgongo cha kuachishwa ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mfano msingi wako ni 260,000 na mnafanya siku sita kwa wiki, siku moja inatoka 10,000, umekaa miaka sita, 7 mara 6 mara 10,000 ni 420,000, hiyo ni mbali na notisi na likizo ambayo hujaila. Mkataba wa muda ukiisha wenyewe hiyo ni habari nyingine. Na ukiona umeonewa, malalamiko ya kuachishwa kwenye CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) yana siku 30 tu, watu wanazimaliza wakiwa wanamuomba boss awahurumie.

Nyumbani

Kwanza kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. Usikope kausha damu kwa kutegemea ovataimu, hasa nusu ya kwanza ya mwaka, maana nimeshakuonesha hapo juu nani anakatwa kwanza. Dada mmoja wa laini yetu alikopa laki mbili mwezi wa sita 2023, mwezi wa saba karatasi ikabandikwa ubaoni, kufika mwezi wa tisa wamebeba subufa na godoro. Kikoba kinavumilia, kausha damu haivumilii.

Chakula sisi wa huku tuna afadhali, mahindi, viazi vya Uyole, maharage, ndizi za Tukuyu, mchele wa Kyela, vyote havipandi siku dola ikipanda. Vinaguswa kwa nyuma kupitia mbolea maana nyingi inatoka nje, lakini hiyo inachukua msimu. Vinavyopanda haraka ni mafuta ya kula, ngano, nauli, dawa, spea za bodaboda. Kwa hiyo ukiona reti inakimbia una muda kidogo wa kununua dumu la mafuta na kufanya sevisi ya pikipiki, na gunia la mahindi linunue wakati wa mavuno kama kawaida bila kuangalia dola.

Kuhusu kununua dola na kuzificha kwenye godoro, naulizwa sana. Aliyenunua Septemba 2024 kwa 2,700 na akahitaji ada ya mtoto mwishoni mwa Desemba alizirudisha kwa 2,400 au chini yake, maana duka linakununulia kwa bei ndogo kuliko linavyokuuzia. Katika dola 100 amepoteza zaidi ya 30,000. Kwa mtu wa mshahara wa kiwandani mimi nasema hapana, labda kama una kitu unalipia kwa dola kweli.

Daftari langu la sasa ni la mia tano, lile la shule, kila Ijumaa mstari mmoja: tarehe, reti ya wastani, kwacha ya Zambia, paleti zilizobaki, masaa ya ovataimu niliyofanya wiki hiyo. Safu ya paleti siku hizi najaza mwenyewe, mzee wa stoo amestaafu yupo Rungwe na migomba yake, ila bado ananipigia mwisho wa mwezi. Salamu kwanza, ugonile, mvua zikoje huko, alafu anauliza, "Zimebaki ngapi mwanangu?"